Mafiga ya Mama Juani

Wajukuu wangu, kitendawili!

Itikieni huko mliko, hata kama mnasoma peke yenu: tega!

Ndugu watatu wanabeba mzigo mmoja. Mmoja akiondoka, wawili waliobaki hawana kazi.

Mmejua. Ni mafiga, mawe matatu ya kupikia. Juma hili nitawaambia namna nilivyovunja mafiga ya mama yangu, mimi niliyempenda kuliko mtu yeyote chini ya jua. Sijawahi kulisema hili mbele ya watu. Niliungama kwa padri mara tatu, na mara zote tatu niliruka mahali panapouma.

Kwa yule anayeanza nasi leo: Papa yangu, Isidore, alikuwa mkulima wa mlimani, upande wa Masisi. Asubuhi mikono yake ilikuwa ya jembe. Mchana, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikishaingia, ilikuwa ya fimbo. Mama yangu, Annonciata, mtoto wa watu wa pori la Walikale, akamkimbia. Alikaa kwao miezi minne. Kisha Papa akaweka kibuyu chini, wazee wakala mbuzi wa kupatanisha, na Mama akarudi. Hapo njo niliwaacha juma lililopita, mimi na Mama tukilala mkeka mmoja, nikimshika kikwembe alichojifunga asinitoroke tena.

Amani ile ilikaa mwezi mmoja na nusu. Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na tano, nami nina miaka kumi.

Halafu Padri Honoré, mgeni wa misheni yetu, akaja na mashini yake ya sinema.

Sinema tulizozijua zilikuwa za serikali: namna ya kunawa mikono, namna ya kuchimba choo, inzi mmoja mkubwa kama ng'ombe. Padri Honoré alizichoka. Alikuwa na mashini yake mwenyewe, anaipakata kama mtoto mchanga, na hakuna mkubwa aliyemtuma.

"Miye nataka kuonyesha mutoto," alimwambia Papa. "Mutoto mwenye kukomalia mu nyumba ya vita. Baba analewa, mama analia, mutoto anaangalia. Watu wazima wajione mu macho yake."

Shangazi Dancille, dada ya Papa, aliyekuwa na nyumba yake jirani na yetu, akapiga makofi.

"Na njo unakuya kwetu, Padri? Mulima muzima umekosa walevi?"

"Dancille, acha," Papa akasema. "Mwenye kuugua njo anajua kidonda iko wapi."

Alikubali kama toba. Angecheza ulevi wake wa zamani mbele ya watu wote, ili usirudi.

Mama akauliza, "Na miye nitacheza nini?"

"Utapika, Mama Généreuse. Utapika tu, kama kila siku," Padri akamjibu, akimwita kwa jina langu, Généreuse.

"Kupika tu njo sinema? Basi miye niko mu sinema tangu nilipoota meno."

Hata Padri alicheka.

Siku mbili zilikwenda vizuri. Papa aliyumba njiani na kibuyu kitupu, watoto wakamfuata wakipiga mayowe. Mimi nilikaa kizingitini nikiangalia mbali, kama nilivyofundishwa. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya jikoni. Mama alishuka kuchota maji. Padri akaingia na mashini, akatoka akijifuta macho.

"Giza," akasema. "Mashini haioni hata chungu."

Katekista Sebarenzi, aliyekuwa akimbebea vyombo na kumwelezea mambo, akaangalia majani ya paa. "Tutoboe hapa juu?"

"Mvua ikikuya, italala na nani?" Shangazi akamuuliza. "Na weye?"

Padri akaanza kukunja miguu ya mashini. Hakuwa na hasira. Alisema polepole tu, "Basi, tutatafuta nyumba ingine. Kuna mutoto mumoja muzuri upande wa Kirolirwe."

Wajukuu wangu, sikilizeni vizuri, maana dhambi yangu inaanza hapa.

Mtoto wa Kirolirwe! Nikamwona akikaa kizingitini kwangu, akiangalia mbali kwa macho yangu. Moyo ukaniwaka.

"Padri," nikasema, "tutoe mafiga inje, ku jua."

Shangazi alinipiga kofi la mdomo kabla sijameza mate.

Kwetu, mume hagusi mafiga ya mke wake. Akiyatoa nje kwa mikono yake, hana haja ya kusema neno: amemwacha. Ndugu za mke wanakuja, wanachukua mtu wao. Ndoa ikitaka kufufuka, lazima kaka ya mke alete mawe mapya, ayapange mwenyewe. Nilijua jambo hilo? Nilijua kama mtoto anavyojua. Nilijua, na sikuamini.

"Hiyo mawe sigusi," Papa akasema.

"Ni mawe tu, Isidore."

"Padri," Sebarenzi akaanza, "haiko mawe tu, ni…"

Lakini Padri alikuwa ameshasimamisha mashini uani, anaitia ufunguo kama saa ya ukutani, anatafuta jua kwa jicho moja. "Dakika kumi. Halafu anarudisha. Filimu iko kidogo, Sebarenzi, tusipoteze mwanga."

Nikashika shati la Papa kwa mikono miwili. Nikamvuta.

"Papa, ni muchezo! Mama iko ku maji. Hataona. Papa, tafazali!"

Mashini ilikuwa imeshaanza kulia, krrrr, krrrr, kama panzi.

Papa aliniangalia. Tangu awe mtu tena, hakuweza kuninyima kitu. Miaka mingi alikuwa amenipa fimbo, sasa alitaka kunipa kila nilichotaja. Akainama mlangoni. Akatoka na jiwe la kwanza. Akarudi, akatoka na la pili.

"Cheka kidogo, Isidore!" Padri akaita.

Na la tatu Papa akalitoa akicheka.

Mama alifika na mtungi kichwani. Aliona moshi uani, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na moto. Akaona mikono ya Papa ina masizi.

"Nani?"

Papa akaificha mikono nyuma yake.

"Mama Généreuse," Papa akasema, "ni juu ya jua… Padri anasema mashini…"

Mama alitua mtungi bila kumwaga tone. Akamgeukia Padri. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Nipike wapi?"

"Hapo, Mama, hapo kwenye mwanga."

Akapiga magoti juani. Akapika maharagi kwenye mafiga yaliyomfukuza, na machozi yakawa yanadondoka chunguni moja moja.

Padri alikuwa na furaha kama mtu aliyeona malaika. "Vizuri sana! Vizuri! Analia kabisa!"

Walipoondoka, Papa alirudisha mawe ndani mwenyewe. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Kesho ushuke Walikale kwa kaka yangu Floribert. Umwambie yote. Alete mawe mengine."

"Mama Généreuse, nimetoka kumupigia magoti juzi. Bado niko na vumbi yake ku magoti. Nirudie tena? Nimwambie nilitoa mafiga juu ya muchezo?"

"Umwambie."

"Atasema nimekunywa."

Shangazi akaingia katikati. "Nani aliona? Sisi hapa, na Padri asiyejua kitu, na Sebarenzi mwenye kufunga mudomo. Tena sikieni. Ikisemwa, wazee watauliza nani alimusukuma Isidore. Ikiwa ni mutoto njo alimusukuma, bwana hana kosa, ndoa inabaki, sawa. Lakini mutoto mwenye kuvunja mafiga ya mama yake hali tena ku mafiga yale. Anaenda kwa bajomba, mupaka kuolewa. Munataka vile?"

Papa akaniangalia haraka. Mama hakuniangalia.

Mama akaingia jikoni, akapuliza moto.

Hivyo tukanyamaza. Baadaye nimefikiri sana: kutoa mawe kulikuwa ujinga, lakini kunyamaza njo kulikuwa kosa.

Filimu ilikwenda Ulaya kwa meli, ikaoshwe huko. Miezi saba ikapita. Na niwaambieni kitu cha ajabu: mafiga yale yaliyotoka yalipika vizuri kuliko mwanzo. Papa hakugusa kasiksi. Alimsukia Mama kapu la viazi, akalisuka pembe moja juu, pembe moja chini, na Mama alilibeba sokoni Kitshanga kwa majivuno. Jioni tulitegeana vitendawili. Mama alikuwa fundi. Alinitegea hiki nikakesha nacho siku mbili: "Nina mugeni anakula chakula yangu, sijamuona uso."

Nilipokata tamaa, akachukua mkono wangu akauweka tumboni mwake. Mtu akanipiga teke kutoka ndani.

"Atatoka mwezi wa kumi na moja," akasema. "Uanze kumutafutia jina."

Sikukuu ya Bikira Maria, tarehe kumi na tano mwezi wa nane, mjomba Floribert alipanda mlima kutoka Walikale. Alileta nyama ya pori iliyokaushwa, na mate ya kubariki tumbo la dada yake. Mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega.

"Shemeji," alimwambia Papa, "sasa unanuka sabuni. Zamani nilikuwa ninajua nyumba yako kwa pua, nikiwa bado mu bonde."

"Usinikumbushe, shemeji."

"Nakusifu, weye!"

Baada ya misa, Padri Honoré akatangaza: filimu imerudi. Leo leo, darasani, watu wote waje.

Mtaniuliza, hamkuogopa? Hapana. Papa alidhani mashini inachukua kile tu Padri anachokitaka, na Padri alitaka mama anayepika. Nani angejua kwamba ile kitu ina jicho wazi hata kwa yasiyoitwa?

Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Shuka nyeupe ilitundikwa juu ya ubao. Moteri ikaunguruma uani, na darasa likajaa jasho na vicheko. Mama alikaa katikati, Papa kushoto, mjomba kulia. Mimi mbele yao, chini.

Mara nikajiona.

"Généreuse! Tazameni hile pua!"

"Anaangalia mbali kama muntu mwenye kudaiwa!"

Nilikuwa mkubwa kama mlango wa kanisa. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile, wala sijaipata tena. Sebarenzi alisimama pembeni na fimbo yake, akieleza, maana picha hazikuwa na sauti: "Huyu mutoto anangojea baba yake. Baba iko wapi? Iko ku kasiksi."

Papa akatokea anayumba, watu wakapiga meza.

Kisha Papa akatoka mlango wa jikoni na jiwe mikononi.

Fimbo ya Sebarenzi ikasimama hewani.

Jiwe la pili.

La tatu. Na Papa, mkubwa kama nyumba, anacheka.

Bibi mmoja nyuma akasema, "Yoo." Basi. Moteri tu njo iliendelea.

Mjomba Floribert alisimama. Kivuli chake kikapanda juu ya shuka, kikafunika uso wa Papa unaocheka.

"Shemeji. Hiyo ni lini?"

Papa akainama, akatazama miguu yake.

Padri akajibu kutoka nyuma, kwa furaha yote, "Mwezi wa kwanza! Tazama mwanga ule!"

Mjomba akaangalia tumbo la Mama. Hakupaza sauti. "Miezi saba, dada yangu iko nalala mu nyumba ya muntu mwenye haiko bwana yake. Na miye nimeleta nyama."

Alasiri ile ile walikaa uani kwetu. Mzee Symphorien, mkubwa wa mlima, alikalia kiti cha miguu mitatu. Padri alikuja, akajaribu kusema ni yeye, ni yeye, ni mwanga.

"Padri," Mzee akamuuliza, "ulishika mawe?"

"Hapana, lakini…"

"Weye ni mugeni. Mugeni haulizwi mafiga. Kaa, baba, upumzike." Akamgeukia Papa. "Isidore, weye unajua. Nani alikusukuma? Kuna muntu wa nyumba alikuambia?"

Kuku mmoja alikuwa anachakura karibu na mguu wangu. Nilimwangalia yule kuku kwa nguvu zangu zote.

Papa akaniangalia. Nilisikia macho yake kichwani mwangu kama jua.

Shangazi Dancille akafungua mdomo. "Mzee, miye nilikuwa…"

"Dancille, nyamaza!" Papa akamkata.

Akasimama. "Hakuna muntu. Nilitoa kwa roho yangu miye peke."

"Isidore, fikiri. Neno hilo linakata ndoa: miezi saba ya kuficha, Floribert hataleta mawe."

"Nimefikiri. Sikusukumwa."

Papa alikuwa amedanganya mara nyingi maishani, juu ya vibuyu, juu ya alama za fimbo mgongoni kwa Mama. Huu ulikuwa uongo wake wa kwanza uliomgharimu yeye. Alitoa mke wake ili nisipelekwe. Nami nilikaa nikihesabu vidole vya kuku.

Neno moja tu, wajukuu. "Ni miye." Maneno mawili, basi. Hayakutoka.

Mama alifunga vikwembe vyake. Hakubishana. Alipita kwa kila mtu, akashika mkono, hata wa Padri. Kwangu akapiga magoti, tumbo lake likagusa kifua changu. Akaniwekea mdomo sikioni.

"Siku ile nilikuwa nimesharudi. Nilikuwa mu migomba na mutungi yangu. Nilikusikia."

Nikakauka.

"Usiseme kamwe," akanong'ona. "Unanisikia? Kamwe."

Miezi saba alijua. Miezi saba alinipa ukoko wa chungu, akanitegea vitendawili, akanisuka nywele, na alijua.

Akaondoka nyuma ya kaka yake. Hakugeuka. Wazee wakatawanyika.

Papa hakulia. Alizunguka nyuma ya zizi la mbuzi, akarudi na kibuyu. Kikubwa. Sijui alikificha wapi, wala tangu lini. Akakaa mahali alipokaa Mzee, akaondoa kizibo kwa meno.

Nikakimbilia njiani, sijui nakwenda wapi. Sebarenzi alikuwa amesimama nyuma ya mti wa mkalitusi, ananisubiri. Alishika kopo dogo la bati, lile la bombo, peremende za mapadri.

"Mutoto, kuya. Fungua."

Ndani mlikuwa na utepe mweusi uliokunjwa kama mkia wa kinyonga.

"Padri alikata kipande hiki, akatupa ku kapu. Alisema hakifai, juu ya weye unaonekana mule unapiga kelele. Miye nilikiokota."

"Ni nini?"

"Inua juu, ku jua. Tazama."

Niliinua. Vidirisha vya mwanga, na ndani yake watu wadogo kama siafu. Papa. Na msichana mwenye mdomo wazi, mikono yake miwili kwenye shati la Papa, anavuta. Kila picha anavuta.

"Papa yako amedanganya wazee," Sebarenzi akasema. "Miye niko katekista, ingefaa niseme. Lakini kweli hii haiko yangu. Ni yako. Unaweza kuitupa ku choo, sitakuuliza. Ao…"

Hakumaliza. Nilishaanza kukimbia.

Niliteremka mlima kwa matako na kwa miguu. Miiba ilichukua sehemu yake ya nguo yangu. Niliwakuta kwenye ulalo wa mto Loashi, magogo mawili yaliyofungwa kwa kamba za porini. Mjomba alikuwa ametangulia, amemnyooshea Mama mkono, maana tumbo lilimzuia kuona anapokanyaga.

"Mujomba! Ni miye! Ni miye nilimusukuma Papa!"

Mama akafumba macho.

Mjomba akarudi polepole hadi upande wangu. Akachuchumaa mbele yangu. "Mutoto wa dada yangu. Kila mutoto mwenye kuachwa na mama anasema vile. Ukiniambia weye njo uliua nyoka wa Edeni, sitakusadiki. Rudi nyumbani."

Nikafungua kopo. Nikamnyooshea utepe juani. Akaushika yeye. Akatazama. Akausogeza kipande kwa kipande, mwanga unampitia usoni, mdomo wake unahesabu bila sauti.

Mabega yake, yale ya kucheka, yakaanguka.

"Njo weye," akasema.

"Njo miye."

"Floribert," Mama akaita kutoka magogoni, "tupa hiyo kitu mu maji."

"Nimeisha kuiona, dada."

"Umeona weye peke yako. Tupa. Twende."

Mjomba akakunja utepe, akaurudisha ndani ya kopo, akafunga kifuniko. Alifanya taratibu, kama mtu anayefunga kidonda.

"Sikiliza, Annonciata. Nikinyamaza, unakuya na miye, mutoto anabaki kwa baba yake. Nikisema, ndoa yako iko nzima, nitakutafutia mawe mapya leo leo mu mto huu, unarudi kwa bwana yako. Lakini huyu njo anakuya na miye, na hatakula tena mukononi mwako mupaka siku ya kuolewa. Mumoja anapanda mulima, mumoja anaingia pori. Njia ya tatu babu zetu hawakuiacha."

"Basi nimechagua. Yeye anabaki na Isidore. Isidore amekuwa muntu. Mutoto asikomalie mu nyumba ya bantu bengine."

Nikamwangalia Mama. Alikuwa ameniambia kamwe nisiseme, na nilikuwa nimesema. Sasa kulikuwa na jambo lingine ambalo hakulijua, na hilo nalo lilikuwa mdomoni mwangu.

"Mama," nikasema, "Papa amechukua kibuyu."

"Kibuyu gani?"

"Kikubwa. Anakunywa sasa hivi. Iko peke yake."

Mama alikaa chini. Palepale katikati ya ulalo, miguu ikining'inia juu ya maji, mkono mmoja tumboni. Mtu mwenye mimba ya miezi sita hakai hivyo juu ya magogo. Mjomba akapiga ukelele, Mama akamwinulia kiganja: ngoja.

Aliangalia mlima tulikotoka. Akaangalia pori walikokuwa wakienda. Akaniangalia mimi, muda mrefu, kama mtu anayejifunza uso kwa moyo.

"Jua linakwenda, dada," mjomba akasema, na sauti yake ilivunjika. "Semeni mumoja wenu."

Nikanyoosha mikono yangu kwake, yote miwili.

Mama naye akanyoosha wa kwake. Lakini hakunyoosha kwangu.

"Floribert," akasema, "nipe kopo. Nitapanda nayo kwa wazee."